Maziwa Yaliyofika Tangini

Watu wenye shahada mbili hupanda ngazi kuja kwangu. Ninalisema hilo mapema ili msomaji ajue anamsoma nani. Ofisi yangu iko ghorofa ya pili mjini Embu, juu ya duka la dawa za mifugo, na nyuma ya kiti changu imetundikwa diploma moja tu, ya takwimu, katika fremu nzuri kuliko ile ya picha ya rais katika ofisi nyingi za serikali.

Diploma hiyo niliipata Ghuba, Uarabuni, nikimtunza mama mzee wa watu. Ijumaa, siku ya mapumziko, wenzangu walikwenda ufukweni kupigana picha za kutuma nyumbani. Mimi nilibaki chumbani na kompyuta iliyokuwa na kibodi ya Kiarabu, nikijifunza maana ya wastani na maana ya bahati. Hakuna harambee iliyoitwa kwa ajili yangu. Sina mjomba mbunge. Nilipomaliza, niliacha kuosha vyombo vya watu na nikaajiriwa katika idara ya kumbukumbu ya hospitali moja kule kule, nikakaa miaka, kisha nikarudi nyumbani kwa hiari yangu, si kwa kufukuzwa kama wengine wanavyorudi.

Wanaokuja ofisini huwa na swali moja. "Auntie, nitumie jaribio gani?" Nami huwauliza swali langu kabla hawajaketi: ulipima watu wale wale mara mbili, au ulipima watu tofauti? Nusu yao hawajui. Wametumia mwaka mzima kukusanya hesabu na hawajui. Basi huwaeleza kwa shati. Ukitaka kujua kama sabuni mpya inang'arisha, usichukue shati langu lililofuliwa kwa sabuni ya zamani ukalilinganisha na shati la jirani lililofuliwa kwa sabuni mpya. Labda jirani ana mashati mazuri tangu mwanzo. Chukua shati langu kabla, na shati langu baada. Hiyo ndiyo jozi. Toa moja kwa nyingine, kila shati na nafsi yake, kisha uzitazame tofauti peke yake. Zikiwa zimetawanyika vizuri kushoto na kulia kwa wastani wake, tumia jaribio la t la jozi. Zikiwa zimeegemea upande mmoja tu na kuna moja iliyoruka mbali na wenzake, zipange kwa ukubwa, uzipe nafasi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukapime nafasi hizo. Na kama huna hakika hata ya ukubwa, hesabu tu waliopanda na walioshuka. Wasiobadilika hutolewa, hawahesabiwi.

Wanashukuru, wanashuka ngazi. Baada ya miezi naona picha zao kwenye simu, wamevaa majoho, wamezungukwa na wazazi, mwalimu msimamizi, hata yule aliyewapigia chapa. Mimi simo.

Nyumba yangu iko mtaa wa Majimbo. Ina vyumba viwili vya kulala, na kimoja hakijawahi kulaliwa. Nina seti ya vikombe sita vya udongo mweupe, vilivyovuka bahari ndani ya sweta zangu, na huosha kimoja. Majirani ni watu wa kazi. Tunasalimiana langoni, kila mmoja ameshika funguo. Embu wakinisikia nikisema neno wanasema huyu ni wa Meru. Meru wakinisikia wanasema huyu anaongea kama mtu wa televisheni. Kanisani huwekwa mbele kwa heshima, na benchi ya mbele, kwa wasioijua, ina nafasi nyingi.

Ndiyo maana dada yangu aliponipigia simu mwaka huo, niliiacha iite kidogo ili nisionekane nilikuwa nimekaa nikiingoja.

Dada ni mkubwa wangu. Yeye hakwenda popote. Aliolewa ng'ambo ya bonde kutoka kwetu, kwenye mteremko wa mlima juu ya Meru mjini, akamuuguza mama mpaka mwisho, wakati mimi nilikuwa namuuguza mama wa mtu mwingine. Tangu nirudi alinialika Krismasi na matangani. Hakuwahi kuniomba kitu.

"Mtoto wa mama," alisema, "hiyo diploma yako inaweza kusoma maziwa?"

"Inasoma chochote kilichohesabiwa."

"Haya. Basi njoo utusomee, kabla hatujang'olewa."

Habari ilikuwa hivi. Dada alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Chama chao cha ushirika wa maziwa kiliwapa kipande cha ardhi kando ya tangi la kupozea, wakaweka kitalu cha kaliandra, kile kichaka ambacho majani yake hulishwa ng'ombe. Kila mama alipanda kaliandra kwenye kingo za matuta ya shamba lake, akaanza kuyachanganya na nyasi za napia. Sharti la kamati lilikuwa moja: mkutano mkuu ukifika, ionekane kichaka kimesaidia, la sivyo kipande kirudi na kijengwe ghala la mbolea. Afisa wa chama, kijana mwenye shahada ya uzamili, alikuwa ameshapiga hesabu na kusema hakuna tofauti. Dada alikuwa ameomba kitalu kile kwa miaka. Alikuwa amewapigia magoti wanaume wa kamati mmoja mmoja. Kikiondoka, alisema, hataweza tena kusimama mbele ya akina mama wale na kuwaambia wapande hata sukuma wiki.

Nilimwomba afisa anitumie kazi yake. Aliituma upesi, kwa kujiamini, na nilipoifungua nilicheka peke yangu ofisini. Alikuwa amewachukua ng'ombe wa kabla ya kaliandra kama kundi moja, na wa baada ya kaliandra kama kundi jingine, kana kwamba ni ng'ombe wageni wasiojuana. Ng'ombe wa dada hutoa ndoo. Ng'ombe wa mjane wa kona ya pili hutoa mtungi mdogo. Ukiwarundika pamoja, tofauti kati ya ng'ombe na ng'ombe ni kubwa hata inaimeza faida yoyote ya majani.

Nilimpigia.

"Mdogo wangu, hawa si ng'ombe wale wale?"

"Ni wale wale, madam."

"Basi kwa nini umewatenganisha na nafsi zao?"

"Madam, unajua programu huleta orodha ya majaribio. Hilo lilikuwa la kwanza."

"La kwanza kwenye orodha."

"Eeh. Na lilikubali."

Nilimsamehe kwa sauti ambayo nilitaka aikumbuke. Kisha nilimpigia dada nikamwambia alale usingizi, jibu liko njiani. Nilimwambia hivyo kabla sijafungua kompyuta, kwa sababu najua kazi yangu.

Nikafanya inavyotakiwa. Miezi yote miwili iliyolinganishwa ilikuwa ya ukavu, kwa hiyo mvua haikuwa na la kusema. Ng'ombe waliozaa katikati niliwaondoa. Waliobaki niliwapanga kila mmoja na nafsi yake, nikatoa kabla kwa baada. Nikazitazama tofauti.

Zilikuwa sifuri. Si zote, lakini nyingi mno. Na zisizo sifuri zilikuwa zimejikunyata karibu nayo, huku kidogo, huku kidogo. Jaribio la t la jozi lilisema hakuna kitu. La nafasi lilisema hivyo hivyo, na tena, likishawatoa wasiobadilika, lilibakiwa na ng'ombe wachache kiasi cha kuona aibu. Nilijaribu la kuhesabu waliopanda na walioshuka. Nusu kwa nusu.

Mtu mwingine angeandika ripoti, akatuma salamu za pole. Mimi nilikaa nikizitazama zile sifuri mpaka duka la chini likafungwa. Sikusumbuliwa na jibu kuwa hapana. Mtu wa takwimu huambiwa hapana kila wiki. Kilichonisumbua ni adabu ya wale ng'ombe. Ng'ombe wa kaya zaidi ya thelathini, matumbo tofauti, mabwana tofauti, walibadilishiwa chakula na hakuna hata mmoja aliyeshtuka, si kwa wema wala kwa ubaya. Viumbe hai hawana nidhamu hiyo. Nidhamu hiyo ni ya watu.

Jumamosi nilikwenda Meru.

Dada alinipokea na sahani ya mukimo na akanipa kiti chenye mto. Shemeji, mume wake, ni mtu mpole anayependa redio. Alinisalimu kwa vyeo vyote. "Karibu, daktari wa hesabu." Nikamwambia bado sijawa daktari. Akasema, "Kwa hapa umetosha."

Jioni dada alishika ndoo akaenda zizini, na mimi nikamfuata na viatu vyangu vya mjini. Nilikuwa sijamwona akikama tangu tukiwa wasichana. Alikuwa bado anaweka kipaji cha uso ubavuni mwa ng'ombe na kumsemesha. Tuliporudi jikoni alimimina maziwa kwenye mtungi wa alumini uliokuwa kwenye kona, na nikaona mtungi haukuwa mtupu. Ulikuwa na maziwa mengi tayari.

"Hayo ni ya lini?"

"Ya leo."

"Ya leo asubuhi si yalikwenda tangini?"

"Yaliyokwenda yalikwenda."

Akaendelea kumimina. Hapo niliketi kwenye kigoda cha jikoni na kiti chenye mto nikakisahau.

Kwa asiyetoka kwetu, lazima nieleze. Kwenye miteremko ile maziwa ya asubuhi ni ya baba. Yanakwenda kwenye chama kwa namba yake, na malipo yanakwenda kwake. Maziwa ya jioni ni ya mama: ya chai, ya watoto, ya kuuzia jirani, ya chumvi na kalamu na nguo za ndani, vitu ambavyo mwanamke hapendi kuviombea. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, na hakuna anayeivunja. Ninaweza kuyasema haya leo kwa sababu sasa chama kinapokea na maziwa ya jioni, kwa namba za wanawake wenyewe, na jambo hilo halina siri tena. Wakati ule lilikuwa nayo.

Kila mume alijua mtungi wake wa asubuhi hujaa kufikia wapi. Kaliandra ilipoanza kuongeza maziwa, kila mama, bila kuitisha mkutano, aliujaza mtungi wa baba mpaka pale pale ulipozoea kufika, wala tone zaidi. Kilichozidi kilikaa jikoni kikingoja jioni. Basi ng'ombe walikuwa wameongeza, na sana. Ila ongezeko lote lilikuwa limehama upande wa siku ambao chama hakipimi.

"Wote?" nilimuuliza.

"Sijawauliza."

"Dada."

"Wewe ungefanyaje? Upande majani wewe, ukate wewe, ubebe wewe, halafu yaingie kwenye mtungi wa nani?"

"Lakini mlipeleka mtungi huo huo upimwe, ili upime majani."

Alicheka, kicheko cha mama yetu, kile cha puani. "Tulidhani mashine itaona kitalu. Hatukujua inaona mtungi tu."

Nilimweleza kilichokuwa mbele yake. Nikiandika kilichofika tangini, hakuna tofauti, kitalu kinaondoka. Nikisema yapimwe maziwa ya siku nzima, tofauti itaonekana hata na kipofu, kitalu kitabaki, na kesho yake kila mume atasimama mlangoni mwa zizi na kikombe.

"Yetu yatakwisha," alisema.

"Yatakwisha."

"Si uyapange tu, kidogo? Wewe si ndiye unayeyajua."

"Sipangi. Hesabu zangu hazipangwi."

"Basi ulikuja kula mukimo," akasema, na akageuka kupuliza moto.

Nililala vibaya, lakini niliamka na jibu, na sitaficha kwamba nilijivunia hata kabla ya kunawa uso. Swali la kuchagua jaribio watu hulianza mwishoni, wakati nambari zimeshakuja. Mimi nilikwenda nyuma yake: tunalinganisha nini? Kaya ni zile zile, ng'ombe ni wale wale, kabla na baada. Lakini nani alisema jozi ni lazima iwe ya maziwa? Kama mama anashikilia mtungi wa asubuhi usipande wala usishuke, huku majani yakizidi zizini, lazima awe na kitu anachokipunguza kwa upande mwingine. Nikamuuliza dada, akiwa ameinama kwenye jiko:

"Unga wa ng'ombe, ule wa dukani kwa chama. Bado mnachukua kama zamani?"

"Kwa nini nichukue? Majani yapo."

"Na wengine?"

"Wengine wana akili pia."

Duka la chama huuza unga kwa wanachama na kuukata kwenye malipo ya maziwa ya asubuhi, yaani ya baba. Jumatatu afisa alinipa hesabu ya magunia ya kila kaya kwa miezi ile ile miwili. Nambari zilikuwa ndogo na nzima, gunia moja, mawili, sifuri. Si nambari za kuzipigia jaribio la t na kutembea kifua mbele. Kaya moja ilikuwa imepanda badala ya kushuka, kwa sababu ilinunua ng'ombe wa pili. Niliiacha ndani, sikutaka mtu aseme nimechagua. Nikatumia jaribio la nafasi, nikalithibitisha kwa lile la kuhesabu waliopanda na walioshuka. Walioshuka walikuwa wengi kiasi kwamba bahati haiwezi kudai kazi hiyo.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Wanaume walikaa mbele, akina mama nyuma na watoto mgongoni. Nilisimama na suti yangu ya kijivu. Nilisema sentensi niliyoiandika na kuipima kwa siku mbili: maziwa yaliyofika tangini hayakubadilika, na unga ulionunuliwa kuyapata umepungua. Sikusema zaidi. Kila neno lilikuwa la kweli. Mzee mmoja wa kamati aliuliza kama maana yake ni kwamba makato yake yalipungua kwa sababu ya vile vichaka. Nilimwambia ndiyo. Akauliza kwa nini hakuambiwa mapema. Mke wake alikuwa nyuma, akitazama kanga ya mtoto.

"Basi wakae na kitalu chao," alisema yule mzee, na wakakaa nacho. Kitalu kilipewa hata na upande wa pili wa uzio.

Afisa alinifuata nje. "Madam, ulijuaje kuangalia unga?"

Ungeniuliza swali hilo siku nyingine yoyote ya maisha yangu ningekueleza mpaka chai ipoe. Hicho ndicho kitu cha akili kuliko vyote nilivyowahi kuviona: kwamba sifuri ile ilikuwa mkono wa watu, kaya kwa kaya, na kwamba niliusoma kutoka Embu kabla sijauona. Nikamwambia, "Uzoefu." Akaandika neno hilo kwenye simu yake.

Jioni ile akina mama walikusanyika jikoni kwa dada. Nilisikia kelele zao tangu njiani, vicheko na masufuria, mtu akimwiga yule mzee na makato yake. Nilikuwa nimebeba keki kutoka mjini. Nilipoinama kuingia mlangoni wote walinyamaza. Haikuwa kwa ubaya. Walinipa mkono mmoja mmoja, wakanishukuru, wakaniita mwalimu. Mmoja alisogeza mguu wake mbele ya mtungi wa kona, taratibu, kama mtu anayekunja mguu uliokufa ganzi.

"Wanajua umeona," dada aliniambia pembeni.

"Si nimenyamaza? Nimenyamaza mbele ya ukumbi mzima."

"Umenyamaza vizuri sana. Wanashukuru." Alichukua keki. "Lakini wewe ni mtu wa kupima, mtoto wa mama. Mtu hawezi kumimina akiwa anapimwa. Nenda ukae na shemeji yako, nitakuletea chai huko."

Nikakaa sebuleni na wanaume, kwenye kiti chenye mto. Mwenyekiti wa chama alikuwa amekuja kunipongeza, na majirani wawili. Waliniuliza kuhusu Ghuba, kama ni kweli joto huyeyusha viatu, nikawaeleza, na nilieleza vizuri. Shemeji alipunguza redio.

"Daktari wa hesabu," akasema, "kuna jambo moja halinikai. Ng'ombe wangu. Majani mapya, anang'aa, amenenepa. Na maziwa ni yale yale. Wewe uliyesoma, hiyo inawezekanaje?"

Nyuma ya ukuta wa mbao kicheko kilikuwa kimeanza upya. Nilitambua cha dada kati ya vyote. Wanaume wanne walikuwa wananitazama, na nilikuwa na jibu kamili, lenye mwanzo na mwisho, ambalo hakuna mwingine chumbani mle aliyeweza kulifikia.

"Ng'ombe ni ng'ombe, shemeji," nikasema. "Wengine wako hivyo."

Aliridhika, akaongeza redio. Chai ililetwa na binti wa jirani, kwenye kikombe chenye kisahani, na maziwa yalikuwa mengi.